Je, wajua kwa nini moshi wa Nakuru hulala chini alfajiri na kutoweka kufikia saa nne?

Panda hadi ukingo wa kasoko ya Menengai mapema asubuhi ya Januari, jua likiwa bado halijakolea, kisha utazame kusini. Mara nyingi utaona utando wa kijivu umetanda juu ya mji hadi kule ziwani, na juu ya utando huo anga ni safi kabisa. Rudi saa sita mchana, utando haupo. Na hapo ndipo penye kitendawili, kwa sababu mchana ndio barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret hujaa malori, matatu na bodaboda. Magari yameongezeka, lakini hewa imesafika.

Tumezoea kuuliza moshi unatoka wapi. Swali la pili, ambalo nadhani lina uzito uleule, ni hili: ukishatoka, una nafasi kiasi gani ya kutawanyika?

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda juu, wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Mchana ardhi hupashwa na jua, nayo huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo huwa nyepesi, hupanda, na moshi hupanda nayo. Usiku usio na mawingu mambo hupinduka. Ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa inayoigusa hupoa, huku ya juu yake ikibaki vuguvugu. Sasa baridi iko chini na joto liko juu. Hewa baridi ni nzito, haina cha kuipandisha, na lile tabaka vuguvugu hukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa jikoni hupanda kidogo, husita, kisha husambaa kando.

Usiku wa aina hiyo kina cha hewa inayochanganyika kinaweza kuwa mita 100 au 200 tu. Mchana wa jua kali hufika kilomita moja, mbili, hata zaidi. Piga hesabu: moshi uliokuwa na mita 1,500 za kutawanyika ukiubana ndani ya mita 150, kila pumzi unayovuta inabeba mara kumi ya uchafu, na hakuna aliyeongeza hata kijiti kimoja motoni.

Nakuru ina mzigo wa ziada: umbo la nchi. Mji uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, miinuko ya Mau upande wa magharibi, Bahati upande wa kaskazini mashariki, Menengai juu yake. Usiku hewa baridi ya miteremko hiyo hutiririka kuelekea chini na kulinenepesha lile tabaka la baridi. Jaa la taka la Gioto nalo liko kwenye mteremko wa Menengai, hivyo likishika moto usiku, moshi wake hauna haja ya kutafuta njia. Hufuata hewa inayoshuka.

Kibaya zaidi ni ratiba yetu. Majiko ya makaa na kuni huwashwa jioni, wakati uleule ambao kifuniko kinaanza kujifunga, halafu tena alfajiri kabla hakijafunguka. Anayechoma taka za nyumbani saa moja usiku, eti moshi usisumbue majirani wakati nguo ziko kwenye kamba, amechagua saa mbaya kuliko zote.

Unyevu huongeza chumvi. Chembechembe nyingi za moshi hunyonya mvuke na kuvimba, zikatawanya mwanga zaidi. Ndiyo maana asubuhi zenye umande utando huonekana mzito kuliko moshi uliomo.

Basi kwa nini hatujafikia hali ya Delhi, ambako mwezi wa Novemba utando huweza kukaa siku kadhaa mfululizo? Mbali na kwamba sisi ni wachache, tunaokolewa na ikweta. Nakuru iko karibu kabisa na mstari huo, kwa hiyo jua la mchana huwa kali mwaka mzima na huvunja kifuniko karibu kila siku. London mnamo Desemba 1952 haikuwa na bahati hiyo. (London ya Uingereza, si mtaa wetu wa London hapo karibu na Gioto.) Jua lilikuwa dhaifu, mchana wenye urefu wa takriban saa 8 tu, upepo umetulia, na mamilioni ya watu wakichoma makaa ya mawe. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 kifuniko hakikufunguka. Makadirio ya mwanzo yalitaja vifo 4,000. Ya baadaye yakafika 12,000. Tena utando ukishakuwa mzito huzuia jua lisifike ardhini, kwa hiyo hujilinda wenyewe.

Kisumu mwenye mji ni ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria ukisukuma moshi wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta kuelekea bara. Usiku upepo hugeuka, na wakati wa kuchoma miwa huweza kuleta moshi kutoka upande wa nyanda za Kano. Moshi unaosukumwa ziwani si lazima uwe umekwenda moja kwa moja. Sehemu yake huweza kurudi na upepo wa mchana unaofuata.

Na mvua za radi za alasiri? Husaidia, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Tone la mvua huzoa vyema vumbi na masizi makubwa, lakini zile chembe ndogo sana, ambazo ndizo huingia ndani ya mapafu, nyingi hupeperushwa na hewa inayolizunguka tone na kuponyoka. Sehemu nzuri ya kazi hufanywa na ule upepo mkali unaotangulia mvua, unaokorogakoroga hewa na kuupeleka moshi mbali.