Makaratasi ya mwanafizikia: msitenge barua na hesabu

Mhadhiri wa fizikia akifariki, familia nyingi hapa Mwanza huniita makaratasi yakiwa yameshachambuliwa. "Ya kazi" yako kwenye maboksi. Barua na shajara zimechomwa. Mimi mtunza nyaraka naogopa uchambuzi huo kuliko mchwa.

Tazameni yaliyompata Isaac Newton. Mwaka 1872 familia iliyorithi nyaraka zake ilizipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge. Wataalamu wakabakiza za hisabati na fizikia. Nyingi za alkemia (ufundi wa kale wa kujaribu kugeuza metali kuwa dhahabu) na za dini zikarudishwa mwaka 1888, eti si za sayansi. Mwaka 1936 zikapigwa mnada London, zikatawanyika. Mchumi John Maynard Keynes alijitahidi kuzikusanya, akapata sehemu tu. Leo nani atamweleza Newton bila alkemia yake?

Kitu ninachokitafuta kwanza ni daftari la maabara. Makala iliyochapishwa hutoa jibu lililokwisha pigwa pasi. Daftari lina vipimo vilivyokataa, tarehe, kifaa kilichotumika, namba iliyokatwa na kuandikwa upya. Mtanzania Erasto Mpemba, aliyeliona jambo hili akiwa mwanafunzi wa shule, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, walichapisha makala yao mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama kweli maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi. Katika ubishi kama huo, daftari la vipimo lina uzito kuliko sifa. Na sababu ya jaribio kusimama miezi mitatu mara nyingi haimo daftarini, imo kwenye barua kwa mke: spea haijafika.

Kwa hiyo pigeni picha rafu na meza kabla ya kugusa chochote. Bahasha iliyokuwa ndani ya kitabu, andikeni ilikuwa ukurasa gani. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, basi toeni klipu na pini za chuma kabla hazijashika kutu, na maboksi yasikae sakafuni. Faksi za zamani hufifia. Zitoleeni kopi mapema. Halafu, jamani, lamineshini! Plastiki ile hubandikwa kwa joto, na kuibandua ni kuiharibu karatasi.

Barua za mapenzi nazo msizichome. Zitieni kwenye bahasha, mfunge, kisha mnapotukabidhi makaratasi watunza nyaraka, muandike kwenye hati ya makabidhiano kwamba zisifunguliwe mpaka mwaka mtakaoutaja wenyewe.