Jangwani haifuriki kwa sababu ya mitaro tu

Kila Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani, jijini Dar es Salaam, utasikia: "Zibueni mitaro, mafuriko yaishe." Takataka zina lawama zake, sawa. Lakini Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi. Maji yanashuka kutoka vilima vya Pugu na mchanga wake, mchanga unajaa chini ya daraja, na bahari ikijaa kule Salenda, mto unapoingia baharini, maji yanakosa pa kutokea. Mvua kubwa ya siku moja inatosha.

Ndiyo maana mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusu daraja refu zaidi, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyo bondeni humo, na kuwalipa fidia wakazi wahame (kazi ngumu kuliko zege) ili bonde liachiwe maji.