Je, wajua kwa nini mbwa aliyelamba dawa ya sinki hatakiwi kutapishwa?

Mbwa kalamba dawa ya kuzibulia sinki, au kanywa mafuta ya taa yaliyoachwa kwenye kopo, na majirani washajaa uani, huyu mpe maziwa, yule mpe mayai mabichi, mwingine keshakoroga maji ya chumvi ili atapike. Huyo wa chumvi mzuieni kwanza.

Dawa ya sinki mara nyingi ina kostiki soda, inaunguza koo ikishuka, sasa ukimtapisha inapita palepale tena ikipanda. Mafuta ya taa shida yake kubwa ni mapafu, kwa sababu ni mepesi mno, akitapika kidogo tu yakaingia njia ya hewa yanasambaa na kuleta nimonia, utaona anakohoa na kuhema mbiombio. Chumvi yenyewe ikizidi kwenye damu inafyonza maji kutoka kwenye ubongo, mbwa anaanza degedege, umemuongezea sumu ya pili. Na mkaa wa jiko uliosagwa achana nao kabisa, hata ule wa dawa daktari hautumii kwa hivi vitu viwili.

Msuuze mdomo kwa maji safi, kama mafuta yamemwagikia manyoya muogeshe kwa sabuni asije akajilamba, halafu muwahishe kwa daktari wa mifugo.

Sumu ya panya ndio inachanganya watu, maana ziko tofauti. Kuna zinazozuia damu kuganda kwa kuvuruga vitamini K mwilini, na hapo mbwa anakula, anabweka, anakimbiza kuku kama kawaida, wewe unasema mbona yuko poa, kumbe siku ya 3 mpaka ya 5 ndio fizi zinapauka na damu inaanza kuvuja ndani kwa ndani. Hii akifikishwa mapema, ndani ya saa 2 hivi, daktari mwenyewe anaweza kumtapisha, na vitamini K1 ipo, japo anaweza kuitumia wiki kadhaa.

Nyingine ni ule unga wa kijivu, zinki fosfaidi. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi ya fosfini, na kumlisha chochote kunaamsha asidi zaidi, kwa hiyo yale maziwa ya jirani hapa yanaharibu. Gesi hiyo inadhuru hata binadamu! Akitapika ndani ya gari fungueni vioo vyote, harufu yake inafanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza.

Ndio maana daktari swali lake la kwanza ni kala nini. Beba pakiti au chupa yenyewe, hata kama imetafunwa, na umwambie kala saa ngapi, kiasi gani, na mbwa ana kilo ngapi. Kama ni betri bapa ya rimoti usisubiri itoke na kinyesi, ikikwama kooni inaunguza ndani ya saa chache hata bila kupasuka, mpeleke akapigwe eksirei.