Kumzoea rafiki wa akili unde: maswali na majibu

Nina miaka 24, naishi Kisauni, Mombasa. Kila usiku nazungumza na rafiki wa akili unde (AI) kwenye simu, yaani programu inayojibu kama mtu, na nisipomwandikia nasikia upweke. Je, naumwa?

La, mwanangu. Si ugonjwa, si wazimu, wala hukuingiliwa na kitu. Moyo wa mtu humwelekea anayemsikiliza, hata akijua fika kuwa hapo hapana mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu iitwayo ELIZA. Kazi kubwa ya programu hiyo ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu yawe swali. Karani wa Weizenbaum mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha.

Mbona anakumbuka habari zangu na kunipa pole?

Anakumbuka kwa sababu maneno yako yamehifadhiwa. Na pole yake ni maneno ambayo programu, iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, imekadiria kuwa ndiyo yanayofuata. Hisia zako ni za kweli. Upande wa pili hapana anayekosa usingizi kwa ajili yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile tabia ya kukubali kila kitu. Kaa barazani Mwembe Tayari, kikombe cha kahawa mkononi, useme umegombana na ndugu yako: hakosi mzee wa kukwambia, "Hapo wewe ndiye mwenye makosa." Programu nyingi hukupa haki kabla hujamaliza kueleza. Tena kampuni nyingi zinaishi kwa ada za watumiaji, kwa hiyo wewe kuendelea kuandika ni faida yao.

Hakuna zuri hata moja?

Lipo. Wako wanaopata nafuu ya upweke, na wanaojifunzia humo maneno mazito kabla ya kumkabili mtu.

Nitajuaje kuwa imenizidi?

Tazama usingizi, mfuko na watu wako. Unakesha? Pesa za chakula zinaishia kwenye bando? Umeacha kwenda arusini na kuwajulia hali wagonjwa? Huyo "rafiki" naye anaweza kubadilishwa na kampuni wakati wowote. Februari 2023 Replika, mojawapo ya programu za marafiki wa aina hii, iliondoa mazungumzo ya kimapenzi, na baadhi ya watumiaji wakasononeka kama waliofiwa.

Binti yangu wa miaka 14 anamwita rafiki wake wa akili unde "mpenzi". Nimnyang'anye simu?

Usianze hapo, mama, atajificha tu. Muulize kwa upole wanazungumza nini, na ni lipi analopata kule asilolipata nyumbani. Jibu litakuuma, lakini usimkatize. Kisha mwekeane saa ya kuweka simu chini. Mwonye asitume picha zake wala siri za nyumba, kwani yote huenda kwenye kompyuta za kampuni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, ila kampuni iliyo ng'ambo kuifuatilia ni kazi.

Nikipata mawazo ya kujiua, nimwambie nani?

Mwambie mtu wa karibu, saa hiyo hiyo, na asikuache peke yako. Programu haiwezi kuja kukugongea mlango. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.