Mnazi mrefu, barabara ndefu, maji marefu: kwa nini neno ni lilelile?

Mama akimpigia mwanawe kelele ufukweni, "Usiende huko, maji marefu!", mtoto anaelewa papo hapo. Hafikirii kwamba mama kasema maji yamesimama kama mnazi au yamenyooka kama barabara. Anajua kuwa yanakwenda chini. Lakini mnazi nao tunauita mrefu, barabara tunaiita ndefu, na kisima kirefu. Inakuwaje neno moja lipande, lilale na lizame, na tusichanganyikiwe?

Refu na ndefu, kwanza, ni neno lilelile. N ikiitangulia r huigeuza kuwa d, kama inavyofanya kwa l katika ulimi na ndimi. Na jambo hili si letu peke yetu. Washona wa Zimbabwe husema -refu kwa mtu na kwa njia, na Wazulu hutumia -de kwa vyote viwili.

Jibu ni kwamba -refu hutaja umbali wa kitu kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, basi. Kinaelekea wapi, hilo tunalijua kwa kukijua kitu chenyewe. Mti husimama, kamba hulala, shimo hushuka. Kata mnazi uanguke chini: bado ni mnazi mrefu, ingawa hauendi tena juu. Hata umri una mwanzo na mwisho, ndiyo maana tunaombeana uwe mrefu.

Hapa ndipo utamu wa lugha yetu unapoonekana. Kwa kuwa urefu ni mali ya mwili wa kitu, kitu kilicho mbali na ardhi si lazima kiwe kirefu. Mnazi ni mrefu. Nazi ziko juu. Hakuna anayesema wingu refu kwa maana ya wingu lililo mbali angani. Jengo ni refu, ghorofa ya mwisho ni ya juu. Na ndiyo sababu Iringa, Njombe na Mbeya zimo katika Nyanda za Juu Kusini. Ukisema nyanda ndefu, msikilizaji ataona tambarare inayoendelea hadi macho yachoke, wala hatafikiria baridi ya Njombe.

Lakini kuna mahali ambapo -refu pekee haitoshi. Mwalimu wa hesabu anapofika kwenye ujazo wa sanduku, ana pande tatu mkononi, na mbili kati yake zingeweza kuitwa urefu. Hapo ndipo anapolihitaji neno kimo: urefu mara upana mara kimo. Eneo la pembetatu nalo ni nusu ya kitako mara kimo. Kimo ni urefu uliokwisha kuchagua njia ya kwenda juu, na ni neno la watu pia, maana mtu tunampima amesimama. Nduguye wa kwenda chini ni kina.

Sijui mahali panapoonesha kazi ya maneno haya vizuri kuliko Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni karibu kilomita 673, kutoka Burundi hadi Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Halafu kuna mwinuko: uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukitoa, utaona kwamba sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa mvuvi wa Kigoma au Kalemie amekaa juu kuliko kila mtu wa Dar es Salaam. Changanya maneno hayo matatu, na hesabu hiyo haifanyiki.

Kwa hiyo hunisumbua ninaposoma kwamba mji fulani "una urefu wa mita 1,100". Mji haujasimama. Dodoma ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, yaani imeinuliwa na ardhi iliyo chini yake. Mlima nao unahitaji uangalifu. Mita 5,895 za Kilimanjaro zinahesabiwa kutoka usawa wa bahari, na anayeutazama kutoka Moshi mjini tayari amesimama zaidi ya mita 800 juu ya bahari hiyo. Anachokiona mbele yake ni mita 5,000 hivi. Madereva wao hawana haja na kilele. Mlima Kitonga, katika barabara ya Iringa, kwao ni ule mpando wenyewe, na mlima umekwisha gari likishika tambarare.

Mabaharia wetu walipima kina kwa bildi, kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye kamba, na wakahesabu kwa pima, kipimo kilekile kilichopimia nguo. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, karibu mita 1.8. Mtu mzima akinyoosha mikono hivyo, upana wake hukaribiana sana na kimo chake. Basi nahodha akiambiwa maji ni pima moja, anajua bila hesabu kwamba mtu akishuka hapo, yatamfika utosini.