Usiikate Drum

Wiki iliyopita nililetewa nakala ya Drum, jarida la Afrika Kusini, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili niiskani, na kilichobaki kilikuwa jalada na kurasa nne tu. Mwenyewe alikwisha kuyanyofoa na kuyatupa matangazo, kisha akaniambia kwa fahari kwamba jarida hilo ni ushahidi kuwa zamani Mwafrika aliupenda weusi wake bila wasiwasi wowote. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo.

Kwenye kurasa za matangazo za Drum ndiko zilikouzwa krimu za kung'arisha ngozi, Ambi ikiwamo. Jarida lililowaweka jaladani waimbaji Dolly Rathebe, na baadaye Miriam Makeba, katikati ya ubaguzi wa Afrika Kusini, ndilo hilo hilo lililopokea fedha za wauza mkorogo. Anayekata upande mmoja na kuutupa wa pili hajahifadhi urithi, amejitungia.

Wala huo "uasili" wa Mwafrika wa zamani wanaousifia leo hawakuutaka wasomaji wenyewe. Lilipoanza Cape Town mwaka 1951 kwa jina la The African Drum, lilijaa machifu na habari za makabila, na watu wa mjini hawakulitaka. Lilipohamia Johannesburg na kugeukia jazi, ndondi, mitindo na maisha ya mitaani chini ya mhariri Anthony Sampson, ndipo likanunuliwa.

Linaloniudhi zaidi ni watu kupima weusi wa mtu kwa kuangalia ukurasa. Shika kioo cha kukuzia, uutazame uso uliochapwa hapo kwa karibu: hakuna ngozi, kuna nukta za wino. Karatasi duni hunyonya wino, nukta zikatanuka, na shavu lililokuwa na mng'ao likawa doa moja zito. Majalada ya rangi yana balaa lake, kwani yakikaa juani wino wa njano na wa magenta (wekundu wa waridi) hutangulia kufifia, na mrembo akabaki na uso wa kibuluu ambao hakuzaliwa nao. Hapo bado hujaihesabu brashi ya fundi aliyesahihisha picha kabla haijafika mtamboni.

Nami simo nje ya lawama. Nikiurudishia uso rangi kwenye kompyuta, ninaurudishia ile ninayoidhania mimi. Jalada moja nimelibadilisha mara tatu, na hilo la tatu pia siliamini.