Mkorosho una habari
Huku Mtwara tumezoea kusema mti ni mti tu: mbu wa mikorosho (mdudu wa mimea, si mbu wa kuuma watu) akifyonza chipukizi hadi likakauka jeusi, mti wenyewe hauna habari. Si kweli. Jani likijeruhiwa, ndani ya dakika chache huanza kuongeza homoni ya kujihami, asidi ya jasmoniki.

Kuipima ndiko kwenye kazi. Kulichuma jani nako ni kulijeruhi, na homoni inapanda palepale! Kwa hiyo jani hutumbukizwa upesi kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, likawa gumu kama kigae; kisha husagwa, na homoni ikahesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu.

Ila mbu wakizidi, dawa bado inatakiwa. Na si salfa, hiyo ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe.